Msamaha wa mkubwa na haki ya aliyekosewa

Kwetu Kivu, wazee wanapoketi barazani kukata maneno, msamaha hauji mbele. Kwanza wanasikiliza mshitaki, mshitakiwa na mashahidi. Kisha mwenye kosa anakubali kosa lake, analipa mbuzi ao ng'ombe, na kasiksi inaletwa ili pande mbili zinywe pamoja. Hapo ndipo mwami anaweza kusema: basi, maneno yameisha. Kama aliyekosewa anakataa kunywa, mwami naye anajua kwamba hayajaisha.

Hatusemi kama ya zamani yote yalikuwa mema. Kulikuwa wami waliopendelea jamaa zao, na wanyonge walilia. Lakini desturi ile inatufundisha jambo moja: msamaha ni mali ya yule aliyeumizwa. Mkubwa anauchunga tu.

Leo nchi yetu inafuata Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 87 kinampa Rais wa Jamhuri uwezo wa kusamehe: anaweza kuondoa adhabu, kuigeuza ao kuipunguza. Uwezo huu una maana. Majaji ni watu, wanaweza kukosea. Mfungwa anaweza kuzeeka ao kuugua gerezani. Lakini kifungu hicho hakisemi neno juu ya aliyekosewa, wala hakimlazimishi Rais kueleza sababu zake. Hapo ndipo mlango wa hatari unapofunguka.

Tutazame yaliyotokea. Tarehe 19 Mei 2024, watu wenye silaha walishambulia nyumba ya Vital Kamerhe kule Kinshasa, kisha wakaingia Palais de la Nation. Polisi wawili waliokuwa wanalinda nyumba ile waliuawa. Mwezi wa 9, tribinali ya jeshi ilihukumu watu 37 kifo. Mwezi wa 4 mwaka 2025, Rais aligeuza hukumu ya watatu kati yao kuwa kifungo cha maisha, na siku chache nyuma wakarudishwa kwao Marekani. Wote watatu walikuwa Wamarekani. Wakati ule serikali hizo mbili zilikuwa katika mazungumzo juu ya madini na usalama.

Sisi hatufurahii kifo cha mtu yeyote. Kuokoa roho ni vema. Swali letu ni hili: Mkongo aliyehukumiwa katika kesi ile ile, adhabu ile ile, kwa nini huruma haikumfikia siku ile? Na wajane wanaambiwa nini? Wengine watatujibu: "Nchi iko na vita, Rais anapashwa kutafuta marafiki." Tunawasikia. Lakini kama huruma inapimwa kwa nguvu ya nchi ya mfungwa, basi imekuwa kitu cha soko, na maskini hana pesa ya kukinunua.

Tena, msamaha unaosimama juu ya mapenzi ya mtu mmoja, mtu huyo huyo anaweza kuurudisha. Pierre Mulele, waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba na baadaye kiongozi wa maasi ya Kwilu, alikuwa amekimbilia Brazzaville. Mwaka 1968, waziri Bomboko alimrudisha Kinshasa kwa ahadi ya msamaha wa Mobutu. Haukupita muda mrefu, akauawa. Ahadi ile haikuwa na sheria ya kuishikilia. Ilikuwa na mtu tu.

Utawala wa sheria haukatazi huruma, unaipa njia. Tunapashwa kuomba mambo matatu: sababu za msamaha zitangazwe, familia za waliokosewa zisikilizwe kwanza, na walio katika kesi moja wapimwe kwa kipimo kimoja. Mwami mwema wa zamani hakuwa na Katiba, lakini hakuthubutu kusema maneno yameisha wakati aliyefiwa angali nje anangoja kuitwa.