Nani Amefunga Mvua?

Na utwaliwe mfano wa kijiji kimoja kando ya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Kiangazi kimekwisha, mwezi wa tisa umefika. Wakulima wamefyeka, wamechoma, wamengoja. Mvua ya kwanza yanyesha siku mbili, nao wote wafanya haraka kupanda mpunga. Kisha mbingu zafunga. Wiki moja yapita, ya pili, hata ya tatu. Mimea michanga yakauka mbele ya macho ya wenyewe, na ghalani hamna mbegu nyingine.

Ndipo watu waanza kunong'ona jioni. Mwisho wa kijiji akaa mjane mzee asiye na mtoto. Yasemwa kwamba yeye ndiye aliyeifunga mvua. Vijana wataka kumfukuza. Mmoja asema nyumba yake ichomwe. Kati yao yumo mkatekumeni, atakayebatizwa Pasaka ijayo. Kabla ya kufuatana nao amwendea katekista na kumwuliza: "Baba, Mungu alimwahidi Noe kwamba majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma. Basi, kama si mtu, nani amefunga mvua?"

Swali hilo ni zito, nalo lastahili jibu la kweli.

Kwanza, hakuna mwanadamu awezaye kufunga mvua kwa dawa wala kwa laana. Baba wa mbinguni huwanyeshea wema na wabaya pia. Tena mnara wa Siloe ulipowaangukia watu kumi na wanane, Bwana Yesu alifundisha kwamba waliokufa hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kila mtu atubu dhambi zake mwenyewe. Basi, amsingiziaye mjane avunja amri ya nane. Achomaye nyumba yake ashika njia ya kuvunja amri ya tano. Na adhaniye kwamba kikongwe ana uwezo juu ya mawingu amnyang'anya Mungu heshima iliyo yake, akavunja hata amri ya kwanza.

Pili, majira hayakukoma, ila yamevurugwa, na sababu yake yajulikana. Kwa muda wa miaka zaidi ya 150 viwanda na mitambo, hasa ya nchi tajiri, imechoma makaa ya mawe na mafuta bila kipimo. Hewa itokayo katika moshi huo hukusanyika angani na kuzuia joto lisitoke, kama vile blanketi izuiavyo joto la mwili. Hivyo dunia imezidi joto kwa zaidi ya digrii moja. Joto hilo hukausha udongo upesi mvua inapokawia, na mvua inapofika huweza kushuka kwa nguvu nyingi mno. Miti nayo hurudisha maji angani, nayo huwa mvua tena. Mahali ilipokatwa ovyo, msaada huo hupungua. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba maskini ndio waumizwao zaidi na maovu hayo. Mjane yule hana gari wala kiwanda. Shamba lake nalo limekauka.

Tatu, Mungu aliyempa mtu akili apenda aitumie. Yosefu huko Misri hakungoja njaa ifike. Aliweka akiba katika miaka ya shibe. Wazee wa Maniema nao hawakuogopa mambo mapya. Mpunga waliupokea kwa watu wa pwani katika karne ya 19, zama za Tippu Tip. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, navyo vililetwa na Wareno katika pwani za Kongo. Basi, kubadili mbegu si kuwadharau wazee, bali ni kuwafuata.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara hapandi mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Huigawa mafungu: moja hupanda mapema, la pili hupanda mvua ikisha kutulia, na la tatu huliweka liwe akiba. Hutafuta mpunga uivao upesi, kwa siku mia hivi. Haweki tumaini lote katika mpunga, bali hupanda pia karanga, mahindi na muhogo, kwa maana muhogo waweza kumngoja mwenyewe ardhini. Nyasi zilizofyekwa huzitandaza ili zitunze unyevu. Akichoma, husafisha kwanza ukingo wa shamba, moto usile pori la wengine. Na miti ya kando ya Luama na vijito vyake huiacha isimame.

Kanisa nalo, tangu zamani, huomba baraka ya mashamba katika Siku za Rogasioni, kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Lakini sala haiondoi jembe mkononi, wala haipatani na chuki moyoni.

Mkatekumeni aliyasikia hayo, akanyamaza kitambo. Kisha akachukua vipande vya mihogo ya kupanda, akaenda pamoja na katekista hata mlangoni pa mjane, wakaketi naye. Vijana walipofika, wakawakuta hapo. Hapakuwa na mapigano. Walisimama, wakatazamana, wakarudi mmoja mmoja. Usiku ule mvua haikunyesha. Asubuhi watatu walikuwa shambani mwa mjane, wakilima.

Maswali ya kujibu:
1. Je, yuko mtu awezaye kufunga mvua?
2. Amsingiziaye jirani uchawi avunja amri gani?
3. Mkulima Mkristu afanye nini mvua ikikawia?