Kimya na Hukumu ya Msikilizaji: Tafakuri juu ya Maneno Machache ya Kiingereza cha Zamani

Je, anayenyamaza huwa amesema nini? Swali hili limejadiliwa sana katika falsafa na sheria, lakini aghalabu ushahidi uliomo katika msamiati hupuuzwa. Makala hii inadhamiria kuonyesha, kwa kurejelea maneno machache ya Kiingereza cha zamani, kwamba maana inayopachikwa kimya mara nyingi ni ya msikilizaji wala si ya mnyamavu.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi 'swigian', yaani kunyamaza. Kitenzi chenza chake cha Kijerumani, 'schweigen', kingali hai, ilhali hicho cha Kiingereza kilitoweka. Msemaji wa leo huunga kitenzi cha kuwa na kivumishi 'silent', chenye asili ya Kilatini. Nayo nomino 'silence', inapotumiwa kama kitenzi, humaanisha kuwanyamazisha wengine. Kiswahili kimehifadhi tofauti hizi: kunyamaza ni tendo la mtu, kunyamazishwa ni jambo analotendewa, na kimya ni hali inayoweza kutanda hata pasipo na mtu. Isidaiwe kwamba Waingereza walishindwa kunyamaza kwa kukosa kitenzi. Lugha haimfungi mtu kiasi hicho. Hata hivyo, tendo linapovikwa vazi la hali, ni rahisi kusahau kwamba kuna aliyeamua.

Neno 'dumb' lina historia chungu zaidi. Awali lilimaanisha asiyesema. Baadaye likabeba pia maana ya mpumbavu, maana iliyopata nguvu hasa Marekani kwa athari ya Kijerumani. Katika mabadiliko hayo bubu mwenyewe hakubadilika. Kushindwa kwa wengine kumwelewa ndiko kulikogeuzwa kuwa kasoro ya akili yake.

Neno 'mute' nalo lilikuwa na uzito wa kifo. Katika sheria ya kale ya Uingereza, mshtakiwa asiyejibu alichunguzwa: je, ni bubu kwa majaliwa ya Mungu, au ni bubu kwa inda? Aliyeonekana kuwa wa aina ya pili aliweza kulazwa chini na kurundikiwa vitu vizito mpaka akubali kuhukumiwa au afe. Giles Corey, mkulima mzee aliyeshtakiwa kwa uchawi huko Salem, Massachusetts, alikufa hivyo mwaka 1692. Kwa nini hakukubali? Wanahistoria hawajaafikiana, na kifo chake hakikujibu swali hilo. Mwaka 1772 mateso hayo yalikomeshwa Uingereza, lakini kimya kikahesabiwa kuwa hatia. Ni mwaka 1827 tu ambapo asiyejibu alianza kuandikiwa kuwa amekana shtaka. Utaratibu huo ndio unaofuatwa pia katika mahakama za Kenya, na Katiba ya 2010 inatambua haki ya kunyamaza. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya 1994, iliwaruhusu waamuzi kukifasiri kimya cha mshtakiwa katika mazingira fulani. Mjadala, basi, haujafungwa.

Huenda ikapingwa kwamba kimya kingine kina hatia ya wazi. Anayeona jirani akidhulumiwa, akanyamaza ilhali angeweza kusema bila hatari, hawezi kujitetea kwamba hakutenda lolote. Pingamizi hili lina mashiko, lakini linathibitisha hoja iliyotangulia: kunyamaza ni tendo. Tendo hupimwa kwa wajibu wa mtendaji, uwezo wake na hatari inayomkabili, wala si kwa hofu ya anayelitazama. Katika tamthilia ya King Lear, mfalme anakosea hapo hasa. Cordelia anapokataa kushindana na dada zake kwa maneno matamu, baba anakisoma kizuizi cha ulimi wake kama upungufu wa mapenzi, naye anamnyima urithi.

Kiswahili nacho hakijaepukana na kishawishi hicho. Methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu huweza kumfanya msikilizaji ausikie mshindo usiokuwapo. Mhakiki anayekutana na mhusika mnyamavu ana wajibu uleule wa hakimu: kuuliza ni nani aliyemnyamazisha, au ni nini alichochagua kutokisema, kabla ya kumwekea maneno kinywani.