Jina la Homa

Mtu alalapo na homa, hutaka kwanza kujua jina la kinachomsumbua. Jina humpa matumaini, kwa kuwa ugonjwa wenye jina hudhaniwa kuwa na dawa. Lakini jina lisilo la kweli hutuliza moyo na kuuacha mwili uangamie. Basi mwenye kupima anawiwa nini na mwenye kupimwa?

Moshi ilipata ushahidi mzito juu ya swali hili. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa wa homa 870 waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Uchunguzi ulithibitisha malaria kwa 14 tu. Miongoni mwa wengine zilionekana homa ya mgunda, homa ya Q, brusela na chikungunya. Waganga hawakuwa wadanganyifu. Homa za maradhi mengi hufanana kama mapacha, na mazoea ya miaka mingi yalikuwa yamezipa zote jina moja.

Sayansi sasa inaunda chombo kidogo cha kupimia kwa nuru, ambacho wataalamu hukiita bayosensa. Ndani yake huwekwa kingamwili zinasazo alama ya ugonjwa fulani katika tone la damu; kunasa huko hubadili rangi au mng'ao, na badiliko hilo husomwa kwa jicho au kwa mashine. Kipimo cha haraka cha malaria ni ndugu yake wa karibu: mstari wake mwekundu aghalabu hutokana na chembe ndogo mno za dhahabu. Kwa chombo cha namna hii, mkulima wa mpunga unyweshwao na mto Rau aweza kupimwa kando ya shamba lake.

Hapana mwenye busara atakayekikataa chombo hicho. Walakini, chombo hujibu swali kililoulizwa tu. Kikisema kuwa mkulima hana malaria, hakikusema ana nini. Hapo mpimaji hukabiliwa na vishawishi viwili: kulipuuza jibu akatoa dawa ya malaria kwa mazoea, au kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima na kumrudisha nyumbani. Cha kwanza huudharau ukweli. Cha pili huuzidisha kuliko ulivyo.

Yamkini mtu atasema kuwa kipimo kisichotaja maradhi yote heri kingoje. Hoja hiyo ni dhaifu. Kukanusha kwa haki kuna thamani, maana hufunga njia moja ya upotevu na kumlazimu mganga atafute nyingine: aulize habari za maji ya shambani, panya, ng'ombe na maziwa mabichi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya kutibiwa. Shauri hilo lina maana ikiwa tu asiye na malaria naye ataendelea kuangaliwa.

Asiyejua ana udhuru. Aliyejua mapema hana. Chombo kikifika Rau bila dawa, bila usafiri na bila mganga wa kurejewa, kitakuwa kimemwongezea mgonjwa siku za hofu, si siku za uhai. Mwenye kumtoa mtu tone la damu huingia deni, na jina la ugonjwa ni malipo ya kwanza tu.