Usiishie Juujuu



Rafiki yangu kijana, umewahi kuitwa "superficial"? Mimi niliitwa, na iliniuma. Rafiki yangu alifiwa na mama yake. Nikamwandikia haraka kwenye simu, "Pole sana, nakuombea," nikaendelea na mambo yangu. Wiki mbili baadaye akaniuliza, "Hivi kweli uliniombea?" Nikanyamaza. Ndipo akalitamka hilo neno.

Nikaenda kulitafuta. Limetoka kwenye Kilatini: super ni "juu", facies ni "uso". Ukiyaunganisha unapata superficies, yaani uso wa juu wa kitu. Madaktari hadi leo huliita hivyo jeraha lisiloingia ndani, wala hapo si tusi. Lakini likisemwa juu ya mtu, maana yake hana kina. Sisi tunasema "juujuu": kasoma juujuu, kapenda juujuu, kasali juujuu.

Sasa fungua Luka 5. Simoni amehangaika usiku kucha, hajapata hata samaki mmoja. Yesu yumo chomboni mwake, anamwambia aende kwenye maji ya kina. Biblia ya Kilatini hapo ina neno altum, kilindi. Mwaka 2001, mwanzoni mwa milenia mpya, Mtakatifu Yohane Paulo II alilikumbusha Kanisa zima agizo hilohilo.

Angalia vizuri: mvuvi ni yuleyule, ziwa ni lilelile. Safari hii anakwenda kilindini kwa sababu Yesu amesema, na nyavu zinajaa hadi zinaanza kukatika.

Kwa hiyo uso wenyewe si dhambi. Ujumbe, salamu, hata ishara ya msalaba ni uso wa kitu kikubwa zaidi. Shida ni kuishia hapo. Hata kitubio tunaweza kukifanya juujuu: tunataja dhambi nyepesi, ile yenyewe tunaifunika.

Nilimpigia yule rafiki, nikamwomba msamaha. Tukasali fungu moja la rozari kwenye simu, kwa ajili ya mama yake. Alilia. Nami nililia.

Leo, kabla hujamwandikia mtu "nakuombea", tulia kwanza. Taja jina lake mbele za Mungu, sali Salamu Maria moja. Halafu ndiyo uandike.

Ee Yesu, panda chomboni mwangu. Nimezoea ufukoni, nipeleke kilindini. Amina.