Si Lazima Ufungue Duka

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba jioni unakwenda kujifunza kushona, naye atakuuliza mambo mawili: unalipa shilingi ngapi, na duka utafungua wapi? Ukimjibu kwamba hufungui duka lolote, umependa tu, atakutazama kama mtu anayeficha jambo. Mjini hapa kila kitu ni fursa. Keki ni fursa, mapambo ya harusi ni fursa, kusuka nywele ni fursa. Mtu mzima mwenye kazi yake, anayeacha shughuli jioni akajifunze kitu kisichomwingizia senti, basi ama ana pesa za kuchezea au nyumbani kwake hakukaliki.

Mimi ni mmoja wa watu hao, na nyumbani kwangu kunakalika vizuri. Darasa letu liko Magomeni, uani kwa fundi mmoja, chini ya paa la bati, vyerehani vya kukanyaga vimepangwa kando ya ukuta. Tunaanza saa kumi na moja jioni, ingawa Dar es Salaam saa kumi na moja ni makubaliano tu. Mwenye kutoka Kimara kwa mwendokasi hufika darasa limeshachangamka, na siku mvua ikijaza Jangwani, anayetokea Posta hatumtegemei kabisa.

Wengi hudhani kushona huanza na kitambaa. Kwetu kunaanza na karatasi ya daftari na sindano isiyo na uzi. Unapita juu ya mistari ya daftari, kisha unachorewa duara, kisha pembe, mpaka matundu yafuate mstari bila kuyumba. Cherehani chenyewe hakina subira na mgeni: ukitanguliza mguu kabla ya kusukuma gurudumu kwa mkono, kinarudi nyuma na uzi unakatika. Ukishatunukiwa kitambaa, unapewa vipande vya shuka kuukuu, na kazi yako ni kupinda pindo. Kupinda na kufumua, kupinda na kufumua. Nguo ya kuvaa iko mbali sana.

Anayetuendesha ni msichana wa miaka ishirini na kidogo, mpwa wa fundi mwenye uwanja. Sisi wanafunzi ni pamoja na mhasibu mstaafu, muuguzi, dereva wa lori, na mama mmoja wa makamo ambaye kwake ana wasichana wawili wa kazi na hapa anaokota vipande vya nyuzi sakafuni kama sisi wengine. Jambo lililonivutia tangu mwanzo ni namna binti huyu alivyolitatua tatizo la heshima. Akipita mlangoni ni mtoto wetu: "Shikamoo baba, shikamoo mama," mmoja mmoja, hamruki mtu. Marahaba zikishaitikiwa, anavaa futikamba shingoni na hapo hana mzazi tena. Anainama juu ya bega la mstaafu, anatazama mshono uliopinda, na kwa sauti ileile ya adabu anatoa hukumu: "Baba, fumua."

Na baba anafumua. Mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwarudishia wengine hesabu zao wakazifanye upya, sasa anavaa miwani, anashika wembe, anatoa uzi mmoja mmoja. Mwanzoni alijaribu kujitetea. Alisema taa ni hafifu, akasema cherehani kina kasoro. Binti alikaa kwenye kile cherehani, akashona mstari ulionyooka kama reli, akainuka bila neno. Siku hizi mzee hufumua kabla hajaambiwa.

Nadhani hilo ndilo linalowazuia watu wazima wengi kuliko ada. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mkubwa anajua na mdogo anauliza. Ukishakuwa na mvi, ukakaa kwenye vikao vya harusi na kugawanya urithi wa watu, kukubali mbele ya hadhara kwamba hujui kupitisha uzi kwenye tundu la sindano si jambo dogo. Lakini nimeona pia nafuu inayokuja baada ya kukubali. Pale uani hakuna anayenisubiri niamue jambo. Naruhusiwa kufanya vibaya, nikacheka, nikafanya tena. Sijui mahali pengine mjini hapa ambapo mtu wa umri wangu anapewa ruhusa hiyo.

Nchi hii imewahi kuwarudisha watu wazima darasani kwa wingi. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilitoa hesabu ya chini ya asilimia 10. Wengi wetu tuna bibi aliyejifunza kuandika jina lake kwenye kisomo, na aliyekataa katakata kuweka dole gumba tena.

Ile ilikuwa kazi kubwa, na siidharau. Ila ilituachia mazoea ya kwamba mtu mzima haendi kusoma ila kwa sababu inayoweza kuandikwa kwenye ripoti: afya, kilimo, ujenzi wa taifa. Uchumi ulipobadilika, sababu nayo ikabadilika, ikawa fedha. Sababu ya tatu, ya mtu kujifunza kwa kuwa roho yake inataka, haijawahi kupata msemaji.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, angekuwa msemaji mzuri. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, na alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mtu mzima aliyezoea kutembeza vyungu, hajui kusoma wala kuandika. Aliyemfundisha kuimba kwa Kiarabu na kufuata ala alikuwa mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905. Watu hupenda kusimulia mwaka 1928, alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na jinsi Shaaban Robert alivyokuja kumwandikia wasifu baadaye. Mimi huwaza zaidi ile miaka ya kabla ya Bombay: mwanamke aliyepita thelathini, mbele ya mwalimu, akirudia maneno ya lugha asiyoizungumza. Hakuna aliyeweza kumwahidi santuri wakati ule.

Sisemi anayejifunza ili ale anakosea. Mabenchi ya VETA pale Chang'ombe yamewapa vijana wengi mkate, na anayekwenda Upanga kujifunza Kijerumani mara nyingi anayo safari kichwani. Ninachokilalamikia ni haya matangazo mapya yanayoahidi kwamba baada ya wiki mbili utakuwa na chapa yako, wateja wako na cheti ukutani. Huko hufundishwi pindo, unafundishwa kupiga picha ya pindo.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito mwingine. Muuguzi wa darasani kwetu alisema siku moja, akikata uzi kwa meno, kwamba yeye hutoka nyumbani kwa mambo yanayojulikana: zamu, ibada, msiba, shughuli, kikoba. Kote huko anakwenda kwa ajili ya mtu. Darasa hili ndilo safari yake ya kwanza isiyo ya mtu mwingine, na mumewe bado anatafuta cha kulipinga hajakipata, kwa kuwa ni masomo, na masomo kwetu hayapingwi.

Tatizo lililobaki ni nafasi. Uwanja wa fundi hautoshi, na kila mwezi kuna watu wanaorudishwa mlangoni. Wakati huohuo kila kata ya jiji hili ina shule ya msingi ambayo watoto wakishaondoka jioni inabaki na mlinzi na ufunguo. Kisomo cha miaka ya sabini kilifanyika madarasani humohumo. Basi ombi langu kwa madiwani na walimu wakuu ni dogo: fungueni vyumba viwili jioni, tuwekeeni taa, waruhusuni mafundi wa mtaa wafundishe ushonaji, useremala, upigaji wa ngoma, kwa ada ambayo muuza genge anaimudu. Mlinzi na umeme tutachangia wenyewe.