Uwanja wa Majengo na Jirani Aliyeanguka



Wenyeji wa Moshi tunaujua uwanja wa Majengo. Ni kiwanja cha mpira, lakini kama viwanja vingi vya miji yetu ni mali ya shughuli zote: leo vijana wanacheza, kesho kuna mkutano, keshokutwa Injili inahubiriwa. Historia ya kiwanja cha namna hii kwa kawaida haiandikwi. Hukaa vinywani mwa watu, wakikumbushana mabao na kubishana juu ya refa. Hata hivyo uwanja wetu una siku moja iliyoandikwa katika magazeti ya nchi nyingi, nayo haikuwa siku ya mpira.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, watu wengi walikusanyika hapo kwa ibada. Yalimwagwa mafuta ya upako, na watu wakakimbilia kuyakanyaga wapate baraka. Katika msukumano huo walikufa watu 20, na 5 kati yao walikuwa watoto.

Baadhi yetu tulijifariji upesi. Tulisema, hao ni watu wa kutafuta miujiza. Sisi tuna Kitabu cha Sala na utaratibu wetu. Maneno hayo hayatufai. Mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18, Bwana wetu aliwakataza wasikilizaji wake wasidhani kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Tena, mwezi Machi 2021, watu walipokwenda kumuaga Rais Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walikufa 45 katika msongamano. Hapo hapakuwa na mafuta. Palikuwa na huzuni na heshima tu. Basi jambo hili ni letu sote.

Swali linalotusumbua ni hili: katika umati, mwenye hatia ni nani? Aliye nyuma hakuona mtoto aliyeanguka mbele. Aliye mbele aliona, lakini hakuweza kusimama, kwa maana yeye naye alisukumwa. Wanaochunguza mambo haya wanasema kwamba watu wakizidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuuongoza mwili wake. Huchukuliwa kama gogo mtoni. Wengi hufa kwa kukosa pumzi, na wengine hufa wakiwa wamesimama wima. Je, tuseme basi kwamba hakuna mwenye hatia, ni bahati mbaya tu?

Hatuwezi kusema hivyo. Ni kweli kwamba saa ya msukumano nafasi ya kuchagua imekwisha. Lakini ilikuwapo kabla: watu wataingia wangapi, watatokea wapi, watoto na wagonjwa watakaa wapi, nani atasema "simameni" akasikiwa. Ikiwapo kabla, wajibu nao upo kabla. Na wajibu huo si wa viongozi tu. Kila mmoja wetu huchagua mapema, anapoamua moyoni kwamba lazima afike kwanza.

Ajabu ni kwamba kiwanja chenyewe kilikuwa kimetufundisha. Mchezaji akiumia vibaya, sheria ya mpira inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mchezo. Na mara nyingi hata filimbi haingojwi. Mwenye mpira, akiona mpinzani amelala chini, huupiga nje kwa hiari yake, hata kama alikuwa anakaribia goli. Na wenzake yule aliyeumia wakirusha, huurudisha mpira kwa waliouacha. Sheria haiwalazimishi. Ni desturi, na watazamaji hupiga makofi. Haya huwezekana kwa kuwa uwanjani kuna nafasi, kuna mistari, na kuna mtu wa kuona. Rehema nayo yahitaji mahali pa kusimama.

Tukumbuke pia birika la Bethzatha. Yule mgonjwa wa miaka 38 alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kila akijaribu, mwingine humtangulia. Katika mbio za namna hiyo aliye dhaifu kuliko wote ndiye asiyefika kamwe. Yesu hakumsaidia ashinde mbio. Alimwendea pale pale alipolala, akamponya. Kwa hiyo tujihadhari na baraka yoyote inayotutaka tumpite jirani. Mkono wa Bwana si mfupi hata uwafikie wa mbele tu.

Na alipowalisha wale elfu tano, kwanza aliamuru waketi kwenye majani, makundi kwa makundi. Mkate ulikuja baadaye. Zamani tulisoma habari hiyo tukiona muujiza tu, lakini baada ya mwaka 2020 tunauona na ule utaratibu. Mtoto aliyeketi hakanyagwi, na kikongwe aliye katika kundi lake hasahauliki.

Sisi nasi tunayo mikusanyiko yetu: Pasaka, Krismasi, mavuno, kipaimara na mazishi. Tujiulize pasipo aibu. Mlango wa pili wa kanisa u wazi, au umezibwa na mabenchi? Watoto wetu hukaa mahali ambapo wanaweza kutolewa upesi? Wazee wa kanisa wanajua nani atasimama mlangoni? Hayo ni mambo madogo, na hayaimbwi na kwaya yoyote. Lakini ni upendo unaotendwa mapema, kabla ya saa ambayo hatutaweza tena kuutenda.

Tukipita Majengo tukaona watoto wakikimbizana na mpira, tuwaombee wale 20 na jamaa zao. Kisha tumwombe Mungu atupe moyo wa yule mchezaji aupigaye mpira nje kwa sababu mwenzake yuko chini.

Bwana awe nanyi.