JINA LA MTU NI MALI YAKE, NA SOKO NI LA WATU WOTE



Tulipokuwa Eldoret, baada ya darsa ya alasiri, ndugu mmoja mwenye duka alitujia na swali. Msimu wa kupanda mahindi ulikuwa umekaribia, naye ameletewa pakiti za mbegu zenye jina na alama ya kampuni mashuhuri, kwa bei ndogo mno. Aliyezileta hakumficha kwamba zilizomo ndani si mbegu za kampuni hiyo. Akasema: “Sheikh, sikuzichapa mimi, mimi nauza tu. Na wakubwa wale wamelishika soko, bei zao zatuumiza. Je, pana dhambi?”

Tukamwambia kwamba hayo ni mambo mawili, nayo yatupasa tuyatenganishe.

La kwanza ni jina. Jina la biashara lililojengwa kwa jasho na uaminifu ni mali, hata kama halishikiki mkononi. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwaka 1988, walikata kwamba majina ya biashara, alama zake, uvumbuzi na utunzi ni haki za wenyewe, wala haijuzu kuzivamia. Nabii Shuaibu aliwakataza watu wake kuwapunja watu vitu vyao. Na hiki ni kitu cha mtu. Tena anayedhulumiwa si kampuni peke yake. Mkulima wa Uasin Gishu huzika fedha zake ardhini, na uongo wa mbegu humdhihirikia mvua zikiwa zimekwisha kupita. Mtume wetu (s.a.w.) alimkana mwenye kughushi, na muuzaji ajuaye ni mshirika wa mchapaji.

La pili ni soko. Ukubwa peke yake si dhambi. Dhambi ni ihtikari, yaani kuwafungia watu mlango ili wanunue kwa dhiki. Mwenye haki ya jina hakupewa haki ya kuwanyima wengine riziki. Hata Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 yahesabu kuitumia vibaya haki ya ubunifu kuwa ni katika makosa ya mwenye kulitawala soko. Nanyi watu wa pwani mwaijua kadhia ya kikoi: kampuni ya Uingereza iliomba kulimiliki jina hilo huko kwao kama alama yake. Ilipingwa, nayo ikaliacha ombi lake. Kwani jina la vazi la umma haliwi la mmoja.

Basi mwenye kudhulumiwa na mkubwa na apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, au wenye maduka washirikiane wanunue kwa pamoja. Dhulma haiondolewi kwa wizi.

Ndugu yule akainama, akasema amekwisha kutanguliza fedha. Tukamwambia: hasara hiyo ni nyepesi kuliko kusimama Siku ya Kiyama na shamba la mtu shingoni.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake. Amin.